Wimbo Uliobatizwa

Mwalimu wa kwaya alikuwa na kipimo chake cha kutenganisha muziki wa Mungu na muziki wa dunia, na hakikuhitaji digrii. Wimbo wa Mungu, alisema, hutikisa mabega. Wimbo wa dunia hutikisa kiuno. Ukiona mabega ya mwimbaji yanapanda na kushuka, mwache, yuko na Bwana. Ukiona kitu chochote kinatembea chini ya mshipi, zima spika. Basi kila Jumapili kwaya nzima ilisimama mbele, watu thelathini na wawili, mabega yanakwenda kama pistoni na chini ya mshipi wamekauka kama nguzo za simu. Nyuma yao, kwenye kiti cha plastiki, aliketi fundi makochi na gitaa lake, akizipiga nyuzi kwa vidole vilevile na mapigo yaleyale yaliyowahi kuwatoa jasho watu kwenye ukumbi wa dansi. Tofauti ilikuwa maneno tu. Lakini hilo usingemwambia mwalimu wa kwaya, na fundi mwenyewe usingethubutu kabisa kumwambia, maana aliamini kuliko wote.

Huyo fundi ndiye mwenye habari hii. Enzi za bendi walimwita Vidole. Ukimwona leo ameinamia kochi lililochunwa hadi mbao, misumari midogo kumi na miwili ameibana midomoni, anaitema mmojammoja kwenye ncha ya nyundo, utasema ni mzee wa heshima zake ambaye hajawahi kupoteza hata soksi. Ungekosea sana. Wapiga gitaa walikuwepo wengi wakati ule, na wabeba gitaa walikuwepo wengi zaidi. Vidole alikuwa kwenye fungu la kwanza, na kwenye fungu hilo hakuwa na wa kubanana naye. Alipoanza kupiga solo, wanawake waliinama kuvua viatu, na wanaume waliokuja na wake zao walikumbuka ghafla kwamba kesho ni siku ya kazi.

Mkewe alimpata mlangoni, naye hakuwa mchezaji. Alikuwa mkata tiketi wa ukumbi. Alikaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, penseli sikioni, kiatu kimoja amekivua chini ya meza kwa sababu kilimbana, uso ameukunja kwamba asije mtu akajaribu kuingia bure. Bendi ilimwita Tiketi. Vidole alianza kuwahi ukumbini kabla ya wenzake, eti kufunga nyuzi. Alizifunga mlangoni, akazifungua, akazifunga tena, mpaka siku moja Tiketi akamwuliza bila kuinua macho, "Hilo gitaa lako linaumwa nini kila siku?"

Akamtungia wimbo. Aliyeuimba ni Kasuku, mwimbaji wao, mtu ambaye angeweza kukuimbia orodha ya vitu vya dukani ukalia. Ulianza hivi:

Wewe uliyeketi mlangoni,
wote wanapita wanaingia,
mimi sina haja ya kuingia,
niache nibaki mlangoni na wewe.

Ubeti wa pili ulikuwa na penseli, na kiatu, na kiti kinachoyumba, na mambo mengine ambayo ni Tiketi tu alijua yana maana gani. Alipousikia mara ya kwanza hakutabasamu. Alikata tiketi ishirini hivi bila kuzitazama. Mwaka haukuisha wakaoana.

Maisha ya bendi unayajua, na kama huyajui basi mshukuru mama yako. Vidole alianza kurudi nyumbani anashika ukuta. Tiketi, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni na cherehani mbele yake, akaanza kwenda kanisani peke yake, halafu akaenda na mtoto, halafu siku moja akaenda na mume, amemshika kiwiko kama anayepeleka mwizi kituoni. Vidole aliokoka siku hiyohiyo. Alilia mbele ya watu mpaka shati likalowa. Hakuwa anaigiza, pombe aliiacha na hakuigusa tena, na kwa hilo tu mkewe alimshukuru Mungu kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili.

Mhubiri aliwaambia waliookoka walete vitu vya dunia vichomwe. Wengine walileta pakiti za sigara, mmoja alileta karata zilizopungua kopa mbili. Vidole alileta kanda kumi na nane. Kisha, kwa kuwa yeye ni fundi na kazi nusu haijui, akaenda nyumba kwa nyumba kukusanya nyingine. Bendi haikuwahi kurekodi studio. Nyimbo zao zilinaswa kwa redio ya kaseti iliyowekwa juu ya meza ukumbini, watu wakanakiliana. Kwa hiyo alijua kila nakala ilipo. Alichukua ya kinyozi. Alichukua ya dereva wa lori. Alichukua ya mama mkwe wake, ambaye alimtazama tu, akampa, akafunga mlango. Zote zikaingia kwenye pipa nyuma ya kanisa, moshi mweusi ukapanda, na mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu akakohoa wiki nzima. Siku hiyo Vidole alirudi nyumbani mwepesi. Mkewe alikuwa anapiga pasi. Akauliza, "Na ule pia?"

"Ule ndio niliotanguliza," akajibu kwa fahari.

Tiketi akaendelea kupiga pasi.

Lakini tuni ilikuwa kwenye vidole, na vidole havichomwi. Mwaka uliofuata kwaya ilialikwa kwenye tamasha na haikuwa na wimbo mpya. Vidole akautoa ule wa mlangoni, akausafisha, akauvalisha joho:

Bwana uliyeketi mlangoni,
wote wanapita wanaingia,
nami nina haja ya kuingia,
usinifungie, Bwana wangu.

Penseli ikaondoka, ikaja damu ya Kondoo. Kiatu kikaondoka, kikaja kitabu cha uzima. Wimbo ukashika moto. Ukaimbwa kwenye harusi na kwenye misiba, ukafika matawi kumi na manne, ukawa mlio wa simu za watu. Vidole alitembea akiwa ameinua kidevu. Moyoni alihesabu kwamba amempa mkewe zawadi ambayo hakuna mume mwingine amewahi kutoa: wimbo wake sasa ni mali ya mbinguni.

Mkewe alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika umoja wa wanawake, na hakukosa Jumapili. Ila kila kwaya ilipoanza wimbo ule, alinyanyuka polepole akatoka nje, akarudi ukiisha. Miaka yote hiyo. Vidole aliona, maana kutoka pale alipoketi aliona kila kitu. Alidhani ni kibofu.

*

Kiharusi kilimkuta kwenye cherehani. Walikuwa karakana moja, mume anavuta kitambaa kwenye mbao, mke anashona foronya za mito. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Vidole, misumari mdomoni, akasema "Uzi umekatika?" kwa sauti ya mtu mwenye misumari mdomoni. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameegemea meza, kitambaa cha bluu bado kiko chini ya sindano, na mkono wake wa kulia unaning'inia kana kwamba si wake.

Hospitali walikaa naye majuma matatu, wakamrudisha nyumbani na karatasi ya mazoezi. Upande wa kulia ulikufa ganzi. Maneno yote yakatoweka, likabaki moja: "Hii." Maji yalikuwa hii, maumivu yalikuwa hii, na bintiye akiingia, hii kwa macho yanayong'aa. Daktari alisema asidanganywe mtu. Moyo nao umechoka, hana muda mrefu.

Mwezi wa nne tangu augue, mchana mmoja, mkono wake wa kushoto ukaanza kugonga ukingo wa kitanda. Mbili fupi, moja ndefu, mbili fupi. "Hii," akasema. "Hii. Hii."

Vidole alijua kabla hajamaliza. Alikimbia kuchukua gitaa, mzee wa miaka sitini na sita, akajigonga goti kwenye stuli. Akaketi, akapiga utangulizi, akaimba kwa moyo wake wote: Bwana uliyeketi mlangoni.

Mkewe akageuzia uso ukutani.

Akadhani amepiga chini mno. Akapandisha, akaanza upya. Mkewe akavuta shuka kwa mkono wa kushoto, akafunika sikio.

Bintiye alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Alikuwa muuzaji katika duka la vipuri vya magari, mdomo wake kama wembe, na hakuna fundi gereji aliyewahi kumdanganya kuhusu beringi.

"Baba, huo sio."

"Sio vipi? Ndio huohuo. Sikiliza vizuri."

"Tuni ndiyo hiyo. Mama anataka wa kwake. Ule wa kabla hujaupeleka kubatizwa."

"Ule nilikwisha uacha, mwanangu. Niliapa mbele ya madhabahu."

"Haya. Basi mwambie yeye kwamba uliapa. Mwambie akiwa anakutazama."

Vidole akatazama lile umbo dogo chini ya shuka. Hakumwambia.

Alikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu alifunga dirisha, kana kwamba Mungu anasikilizia dirishani, akapiga kwa sauti ya chini. Wewe uliyeketi mlangoni, wote wanapita wanaingia, nami nina haja... Akasimama. Akaanza tena. Nami nina haja. Mdomo ulikwenda kwenye njia ya kanisa wenyewe, kama punda anayejua zizi lake. Ubeti wa kwanza aliurudisha kwa shida, neno kwa neno. Alipofika wa pili hakukuta kitu. Alijua mlikuwa na penseli, lakini penseli ilifanya nini? Kila alipofungua mdomo ikatoka damu ya Kondoo. Aliandika juu ya boksi la misumari, akafuta, akaandika. Miaka ishirini na mmoja alikuwa ameuimba ule mwingine kila wiki, na kila wiki ulikuwa umeufukia huu kwa koleo moja la udongo.

Akatoka kwenda kwa watu. Kinyozi, ambaye sasa alikuwa na mvi na mashine ya umeme, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ile kanda? Si uliichukua wewe mwenyewe, mzee? Ukaniachia na kipeperushi cha moto wa milele. Nikabandika pale kwenye kioo."

"Hukumbuki hata maneno mawili?"

"Nilikuwa nafungulia redio, sikuwa nakariri. Nilidhani kanda itakuwepo tu."

Dereva wa lori alikwishafariki. Mama mkwe pia. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyebaki na ule wimbo kifuani, naye ndiye mtu ambaye Vidole hakuwa amempa mkono kwa miaka kumi na tisa.

Na si kwamba waligombana, afadhali wangegombana. Mama yake Kasuku alipofariki, Kasuku alimtumia Vidole ujumbe: njoo unipigie, nataka nimwimbie mama wimbo aliokuwa anaupenda, bendi nzima imetawanyika, nimebaki na wewe. Vidole akajibu kwamba yeye haketi tena zinapopigwa nyimbo za dunia, lakini atamwombea. Watu walisema Kasuku alimwimbia mama yake bila chombo chochote, na sauti ilimkatika katikati.

Alimkuta kwenye baa moja saa nane mchana, wakati viti bado viko juu ya meza miguu hewani na mwanamke anapiga deki. Kasuku alikuwa amenenepa, nywele zimehama kichwani zikahamia kidevuni, anafanya mazoezi na vijana watatu waliotosha kuwa wajukuu zake. Alimwona Vidole mlangoni akakatisha wimbo. Halafu akacheka, kicheko kirefu.

"Jamani fungueni madirisha, malaika ameingia! Karibu mtakatifu. Angalia usikanyage hapo, hapo alidondoshea mtu bia jana, viatu vyako vitatenda dhambi."

"Habari za siku nyingi, ndugu yangu."

"Ndugu? Leo ndugu. Kaa basi. Au makochi yetu hayana wokovu?"

"Hili kochi limekatika springi," Vidole akasema, amekwisha kaa. Hakuweza kujizuia.

"Ndiyo maana tunalikalisha wageni. Sema shida yako."

Vidole akasema. Alisema yote, la kiharusi, la mkono unaogonga, la shuka kwenye sikio. Kasuku alisikiliza na uso wake ukabadilika taratibu, utani ukimtoka. Mwisho akauliza kwa sauti nyingine kabisa:

"Shemeji hasemi chochote?"

"Hii tu."

"Tiketi! Aliyekuwa akifukuza walevi kwa jicho!"

"Nipe maneno, Kasuku. Niandikie tu, niondoke, nisikusumbue."

Kasuku akafumba macho. Midomo ikacheza. Akatikisa kichwa. "Siyaoni. Si kwamba nakunyima, bwana, sikunyimi. Maneno yangu hayakai peke yake. Yanakuja yakifuata gitaa, na si gitaa la hawa vijana, watanipeleka kwingine. Lazima upige wewe. Ile solo yako ya pale katikati ndiyo iliyokuwa inanionyesha pa kuingia."

"Nipige? Humu?"

"Sasa utapiga wapi, kwenu kanisani?"

Vidole aliitazama baa ile. Alikuwa amekula kiapo, na kiapo hicho kilimtoa kwenye mtaro. Hakikuwa mzaha kwake, na asiyemwelewa kwa hilo hajawahi kutolewa kwenye mtaro. Kijana mmoja akavua gitaa shingoni akamnyooshea. Vidole akalipokea, akaligusa, akasema "Uzi wa tatu umelegea," akaukaza. Kisha akapiga.

Mwanamke wa deki aliacha kupiga deki. Wale vijana watatu walitazamana. Kasuku aliingia palepale alipopaswa kuingia, sauti imechakaa pembeni lakini katikati bado ni ileile, na ubeti wa pili ukatoka mzima mzima kama kitu kilichokuwa kimewekwa kabatini:

Penseli sikioni, kiatu kimoja mguuni,
kiti chako kinayumba, nami nayumba nacho,
ukicheka nasahau njia ya nyumbani,
usinikatie tiketi, nikatie usiku.

Vidole aliandika juu ya kipande cha boksi. Na wakati anaandika, nyuma yake chupa zikagongana. Mleta soda alikuwa amesimama na kreti mbili mikononi. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya, mabega mazuri sana. Wakatazamana.

"Mzee," akasema mleta soda, "mimi nashusha tu mzigo hapa. Mimi niko kazini."

Akashusha kreti la soda, akashusha na lile lingine ambalo halikuwa la soda, akatoka mbio.

Kasuku akamsindikiza Vidole hadi nje. "Watakuchuna ngozi," akamwambia.

"Najua."

"Mwimbie shemeji. Mwambie Kasuku anamwamkia."

Vidole alitaka kusema neno juu ya ule msiba wa miaka kumi na tisa. Kasuku akaliona linakuja, akampiga bega, akasema, "Nenda bwana, nenda, mgonjwa anasubiri."

*

Alimwimbia jioni hiyo, kabla jua halijazama, dirisha wazi. Bintiye alikuwa ameketi miguuni mwa kitanda anakunja nguo. Ubeti wa kwanza mkewe aliusikiliza akiwa ametulia kabisa. Wa pili ulipoanza, penseli sikioni, midomo yake ikasogea. Vidole akaogopa kutazama, akatazama nyuzi. Akafika kwenye mstari wa tatu: ukicheka nasahau...

"Ukinuna," akasema mkewe.

Mkono wa bintiye ukakwama kwenye shati.

"Ukinuna," akarudia Tiketi, akiimba sasa, sauti nyembamba yenye ufa, lakini juu ya tuni barabara, "ukinuna nasahau njia ya nyumbani, usinikatie tiketi..."

Ndivyo ulivyokuwa. Kasuku ndiye aliyeubadilisha miaka ile kwa ajili ya jukwaa, akisema hakuna mwanamke anayetaka kuimbiwa kwamba ananuna. Lakini Vidole alikuwa ameandika kununa, kwa sababu Tiketi alikuwa akinuna pale mlangoni, na yeye alikipenda kile kinuno. Wimbo ulipokwisha mkewe alijaribu kusema jambo lingine, kitu kirefu, macho yamemkazia mumewe, na ikatoka "hii". Akajaribu tena. Hii. Basi Vidole akarudi mwanzo, na maneno yakarudi. Ndani ya wimbo alikuwa na maneno. Nje yake hakuwa nayo. Ikawa kila jioni wanaingia humo wote wawili, wanakaa kiasi cha pumzi yake, wanatoka. Bintiye alianza kuwahi kutoka dukani. Hakusema lolote la kukata, na kwake hilo lilikuwa kama kulia.

Mchungaji na mwalimu wa kwaya walikuja Jumamosi. Mleta soda alikuwa amemwaga kila kitu, isipokuwa lile kreti la pili. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alimwombea mgonjwa kwanza, kwa upole, ameshika mkono ule uliokufa. Kisha wakakaa karakanani, kwenye makochi ya watu yasiyo na vitambaa.

"Mzee wetu," akasema mchungaji, "wewe ndiye uliyewafundisha vijana wetu kuacha. Sasa wanasikia umepiga baa. Na watu wa jirani wanasikia zile nyimbo humu ndani kila jioni. Sema tu kwamba umekosa. Nitalitangaza kanisani, tunayamaliza."

"Halafu niendelee kumwimbia?"

Mwalimu wa kwaya akadakia. "Mwimbie ule wetu, mzee! Tuni si ni ileile? Utamnyima nini?"

"Nimemwimbia ule wetu miaka ishirini na mmoja, mwalimu," Vidole akasema. "Hakuitika hata siku moja. Alikuwa anatoka nje. Mimi nikadhani ana kibofu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa kwaya alichezea uzi uliochomoza kwenye sponji.

"Tutakuweka chini ya nidhamu, mzee," mchungaji akasema hatimaye, na ilimwuma kusema. "Gitaa utalipumzisha. Mpaka utakapojuta mbele ya watu."

"Sawa, mchungaji."

Aliwasindikiza hadi barabarani kama inavyopasa. Aliporudi alikaa juu ya kochi moja na kujifunika uso kwa mikono. Alilipenda kanisa lile. Lilimwokota akiwa takataka. Alikaa hapo mpaka aliposikia ukingo wa kitanda unagongwa.

Walipata jioni kumi na saba. Pumzi ya mkewe ilipungua. Mwishoni alikuwa akiimba mistari miwili tu na kumwachia mume iliyobaki. Jioni ya kumi na saba aliimba mmoja, ule wa kununa, akanyamaza. Vidole alidhani amechoka akamalizia ubeti peke yake, taratibu, akapiga na ile solo yote. Alipoinua macho, bintiye alikuwa amekwisha simama na ameweka kiganja kwenye paji la uso la mama yake.

"Baba, acha sasa," akasema. "Baba."

Umoja wa wanawake walimzika kwa sare zao, vizuri. Kwaya iliimba, gitaa lilipigwa na mtu mwingine. Kabla hawajaanza, bintiye alimwendea mwalimu wa kwaya akamwambia kitu sikioni, na mwalimu wa kwaya akageuza kurasa mbili za daftari lake, akawaonyesha wimbo mwingine.

*

Nyumba ilibaki na cherehani iliyofunikwa kitambaa. Wateja walileta makochi, Vidole akayavalisha; foronya akapeleka kwa mshonaji wa mtaa wa pili. Jumapili alikaa benchi la nyuma kati ya wageni na wenye watoto wanaolia. Alhamisi, kwaya ikifanya mazoezi, sauti zilimfikia karakanani, na mguu wake ukapiga mapigo chini ya meza bila ruhusa. Hakuwa na watu wengine. Watu wake walikuwa wale, na walikuwa wanangoja neno moja tu.

Mwezi wa tatu baada ya maziko alimwambia mchungaji yuko tayari.

Kanisa lilijaa. Katibu aliketi mezani na daftari kubwa, kalamu imeshafunguliwa. Vidole alisimama mbele amevaa koti lake la harusi, ambalo halikufunga tena vifungo. Alijiandaa kusema alichoambiwa aseme. Aliwatazama, akaona kiti cha pembeni cha umoja wa wanawake, mahali ambapo mtu angeweza kutoka nje bila kusumbua wenzake. Sasa alikikalia mtu mwingine.

"Nilitunga wimbo kwa ajili ya mke wangu," akasema. "Ulikuwa wake. Halafu nikaokoka, nikauchukua nikampa Mungu. Mwenyewe sikumwuliza." Akalivuta koti lake. "Sikumwuliza, na yeye akaninyamazia, kwa sababu aliona nimefurahi. Ndilo hilo ninalolijutia. Hakuna jingine."

Mtoto mmoja aliuliza kitu akanyamazishwa. Katibu alimwinamia mchungaji, lakini alikuwa mzee asiyesikia vizuri, na mnong'ono wake ulifika hadi mlangoni.

"Nimwandike ametubu au hajatubu?"

Mchungaji alimtazama Vidole. Akatazama daftari. "Andika amejuta," akasema. "Funga."

Watu wakapiga makofi kwa furaha, makofi ya kweli, wengine wakifuta machozi. Mleta soda alikimbia kuleta gitaa, akampa kwa mikono miwili. Kile kiti cha plastiki kilisogezwa. Vidole akaketi mahali pake, gitaa mapajani. Na mwalimu wa kwaya, ambaye alimpenda, na aliyetaka kumwonyesha mbele ya wote jinsi walivyomkosa, akainua mikono na kuwaanzishia wimbo uliokuwa fahari yao kuliko nyimbo zote.

Bwana uliyeketi mlangoni, wakaimba, mabega yakapanda na kushuka.

Waligeuka kidogo kumtazama, wakimngojea aingie. Vidole aliweka kiganja juu ya nyuzi, zisije zikalia hata kidogo, akakiacha hapo hadi walipomaliza beti zote nne.